Chukudu ya Dhahabu Mjini Goma

Mtu afikaye Goma kwa njia ya ziwa huuona mlima kabla ya kuuona mji, kama mawingu yakimruhusu. Nyiragongo wasimama upande wa kaskazini, kimo chake mita 3,470, na chini yake nyumba za mji zimetandazwa hata ukingoni mwa maji ya Kivu. Mwezi wa Agosti mwaka 2023, shule zilipokuwa zimefungwa, nalipanda meli huko Bukavu, nikapita kando ya kisiwa cha Idjwi, nikashuka Goma pamoja na wachuuzi na mizigo yao.

Nilikwenda kwa mambo mawili. La kwanza, kumwamkia baba yangu, ambaye alikuwa amekwisha kupita miaka sabini na alikuwa akikaa kwa dada yangu katika mtaa wa Majengo. La pili, kuitazama kwa utulivu sanamu ya mtu wa chukudu. Wanafunzi wangu walikuwa wameniuliza habari zake darasani, nami sikuweza kuwajibu ila kwa maneno ya juujuu. Haifai mwalimu aseme habari za kitu alichokipita mbio mara nyingi bila kukiangalia.

Chombo chenyewe

Wasomaji wapenzi, ninyi mlio wenyeji wa Kivu ya Kaskazini mtanivumilia kidogo, maana walio mbali hawakijui chombo hiki. Chukudu ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na kati yao ubao mrefu wa kuwekea mizigo. Mbele ina usukani kama wa baiskeli, nao ni wa mti pia. Haina mtambo wala mnyororo. Fundi huichonga kwa shoka na tezo. Mwili wake mara nyingi hutoka katika mkaratusi, na magurudumu hutoka katika mti mgumu zaidi. Kisha magurudumu huvikwa vipande vya mpira wa gari uliochakaa, ili yasipasuke mapema juu ya mawe. Nyuma hupigiliwa kipande kingine cha mpira. Msukumaji hukikanyaga, nacho hulibana gurudumu. Hiyo ndiyo breki yake.

Penye mteremko mtu huweka goti moja juu ya ubao na kushuka kama upepo, mguu wa pili ukiwa tayari kwa breki. Penye mlima huinama akasukuma kwa mikono, kwa kifua, na kwa kila alichopewa na Muumba. Chukudu kubwa yaweza kuchukua mzigo wa kilo mia kadhaa: viazi, kabichi, makaa, mbao, saruji, madumu ya maji.

Chukudu zilianza kuonekana katika sehemu zetu miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire na maisha yalipokuwa yakizidi kuwa magumu. Magari yalikuwa machache na petroli ilikuwa ghali, lakini viazi vya milimani havikungoja. Basi watu walitazama walichokuwa nacho, yaani miti, misumari na mipira mibovu, wakaunda gari lao. Hakuna mhandisi wa Ulaya aliyekuja kuwafundisha.

Baba yangu aliisukuma chukudu kwa miaka ishirini na zaidi. Alikuwa akipanda Kibumba kufuata viazi na kabichi, akishuka kupitia Kibati, Kanyaruchinya na Munigi, akiuza mjini, kisha akipanda tena. Ada yangu ya shule ilitoka katika safari hizo.

Kuelekea kwenye sanamu

Asubuhi ya siku ya pili nilimwambia Baba, “Twende tukaitazame sanamu.” Akacheka. “Nimeipita mara nyingi,” akasema, “lakini mwenye mzigo hasimami kutazama.” Akavaa koti lake la Jumapili na kofia. Nilitaka kuita pikipiki, akakataa. Akasema ya kuwa mtu wa chukudu haendi kumwamkia mwenzake akiwa amebebwa.

Basi tukaenda kwa miguu. Atembeaye Goma hukanyaga historia ya mlima. Kuta za viwanja zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano, na katika mitaa mingi njia yenyewe ni jiwe lililopata kuwa moto unaotiririka. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, na mito ya moto ikashuka hata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katika maduka na nyumba, ikaiharibu kathedrali ya Mtakatifu Yosefu, ikafika ziwani. Watu wapata 400,000 waliyakimbia makao yao. Na tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukasimama ukingoni mwa mji. Kila mara watu walirudi wakajenga juu ya jiwe lilipokwisha kupoa, na mbao zao, saruji yao na mabati yao vilifika juu ya chukudu.

Pambo lisilo na kazi

Sanamu yasimama katika mzunguko wa barabara ambao watu wote huuita Rond-point Tshukudu. Iliwekwa mwaka 2009, na Rais Joseph Kabila ndiye aliyeizindua. Ni mtu pamoja na chukudu yake, wameinuliwa juu ya msingi wao, nao wamepakwa rangi ya dhahabu tangu kichwani hata gurudumuni. Jua likiwapiga hung'aa, na katika mji ule wa mawe meusi na vumbi jeusi, mng'ao huo huonekana toka mbali. Pikipiki huzunguka pembeni kama nyuki. Vijana huja kupigwa picha, wakiwa wamejipamba.

Niliposimama pale nilikumbuka niliyoyasoma zamani kuhusu mabwana wa Ulaya waliojenga katika bustani zao vijumba na minara isiyo na kazi yo yote ila kufurahisha macho. Huko Dunmore, katika nchi ya Scotland, bwana mmoja alijenga kibanda mwaka 1761, na baadaye paa lake lilifanywa la mawe yaliyochongwa kwa umbo la nanasi kubwa, katika nchi ya baridi ambayo nanasi halioti nje hata siku moja. Na katika Ireland, njaa kuu ilipoingia mwaka 1740, mjane mmoja tajiri, jina lake Katherine Conolly, aliagiza mnara wa mawe wa kimo cha mita arobaini na zaidi. Mnara ule haukuwa na faida, wala haukai mtu ndani yake. Lakini maskini walioujenga walipata ujira, wakapata chakula. Watu huuita upumbavu wa Conolly hata leo. Labda wenye njaa waliolipwa kwa kazi ile hawakuuita hivyo.

Nasi katika Kongo tumepata kuona sanamu za namna nyingine. Huko Kinshasa sanamu ya mfalme Leopold II juu ya farasi wake ilikaa miaka mingi mahali pa heshima, hata ikaondolewa mwaka 1967. Mwaka 2005 iliinuliwa tena katikati ya mji, na baada ya saa chache ikateremshwa. Mfalme yule aliketi, na farasi alimchukua. Mtu wa Goma hachukuliwi na mnyama. Yeye mwenyewe ndiye nguvu ya chombo chake. Hilo ni badiliko kubwa katika mambo ya sanamu, nami sitaki kulidharau.

Lakini swali lilikuwa moyoni mwangu, na nadhani limo katika mioyo ya wengi. Chukudu ya kweli ina faida kwa kuwa yatembea. Hii haitembei, haibebi kiazi kimoja. Je, ni heshima kwa maskini, au ni pambo tu lililotiwa umbo la maskini, kama nanasi lile la mawe?

Maneno ya Baba

Baba aliizunguka sanamu kwa macho polepole, kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwingine. Nikangoja. Mwishowe akasema, “Mtu huyu tangu mwaka 2009 yuko njiani, na bado hajafika soko la Virunga.”

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akaendelea, “Hatoki jasho. Hali. Hadaiwi ada ya shule.”

“Baba,” nikamwuliza, “kama ungalipewa fedha zilizotumika hapa, ungalifanya nini?”

“Ningalitengeneza njia ya Kibumba,” akajibu mara moja. “Mawe ya njia ile yamenivunjia magurudumu mengi.” Akanyamaza kidogo, akiwa bado anaitazama. “Lakini njia hiyo ingalikuwa imekwisha kuharibika sasa. Na hakuna mtu ambaye angalijua ya kuwa tuliipita.”

Wakati huo kijana mmoja akaja na chukudu yenye magunia ya makaa, akasimama kando ya barabara apate kupumua. Alipomwona mzee akatoa kofia. “Jambo, Mzee,” akasema. Baba akamwitikia, kisha, bila kuomba ruhusa, akainama nyuma ya chukudu ya kijana na kuushika mpira wa breki kwa vidole.

“Huu umekwisha,” akamwambia. “Mteremko wa Munigi utakutupa.”

“Najua, Mzee. Jioni nitaubadili.”

“Jioni utakuwa umechoka. Ubadili sasa, kabla hujapata fedha za kuzilia.”

Nikamwuliza kijana maoni yake juu ya sanamu. Akainua macho, akatabasamu. “Yule ndiye tajiri wetu, Mwalimu. Yeye anapigwa picha, sisi tunapigiwa honi.” Na kweli, alipokuwa akisema hivyo, gari lilipiga honi nyuma yake ili aondoke njiani. Akainama juu ya usukani, akasukuma, akaenda zake.

Jambo nililolificha

Sasa yanipasa kuwaeleza jambo ambalo halikuwa katika mpango wa safari yangu. Tuliketi juu ya ukuta mfupi wa mawe, mahali tulipoweza kuiona sanamu, nami nikaona kwamba nisipolisema siku ile sitalisema tena.

Mwaka 2001 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nami nilisoma katika shule ya misioni pamoja na watoto wa makarani na wa wafanya biashara. Siku moja Baba alifika langoni na gunia la viazi, maana alikuwa amepatana na shule kulipa sehemu ya ada yangu kwa chakula. Nguo zake zilikuwa zimejaa vumbi, na suruali yake ilikuwa imetoboka penye goti la kulia, kama suruali zote za watu wa chukudu. Aliniita kwa jina. Wenzangu wakaniuliza, “Huyo ni nani?” Nikajibu, “Ni mchukuzi. Baba amemtuma.” Nilisema hivyo karibu naye, nikiwa nimempa mgongo.

Miezi michache baadaye mlima ukapasuka. Tulikuwa tukikaa Birere, na moto ulikuwa ukija. Baba aliondoa viazi vyote juu ya chukudu, akavitupa uani, akamlaza bibi yetu pale ambaye hakuweza kutembea, akamfunga kwa shuka asianguke. Miguuni pake akaweka watoto wawili wa jirani na chungu kimoja. Tukashika njia ya Gisenyi pamoja na umati usio na hesabu, na anga nyuma yetu lilikuwa jekundu. Baba alivuta mbele, nami nilisukuma nyuma, mikono yangu ikiwa juu ya ubao ule ule ambao nilikuwa nimeukana. Bibi aliishi miaka sita tena. Nyumba hatukuiona tena. Mahali pake palikuwa na jiwe jeusi.

Basi, pale chini ya mtu wa dhahabu, nilimweleza Baba habari za lango la shule. Nilisema yote. Nilipokwisha, alikaa kimya akiliona vumbi linavyopita.

“Nilisikia,” akasema.

“Siku ile ile?”

“Siku ile ile. Lakini nilikuwa na magunia mawili bado ya kupeleka sokoni, na mvua ilikuwa karibu.”

Sikuwa na la kujibu. Yeye akaweka mkono juu ya goti langu, kisha akanionyesha goti lake la kulia. Ngozi ya hapo ni ngumu na nyeusi kama mpira, kwa ajili ya miaka yote ya kupiga goti juu ya ubao. “Wanafunzi wako wakiuliza habari za sanamu,” akasema, “waambie ni nzuri. Mimi sikatai. Lakini waambie pia ya kuwa yule wa chini hupita na mzigo, nao wampishe.”

Tulirudi nyumbani kwa njia ya chini, tukinunua sambaza wa kukaanga kwa ajili ya watoto wa dada yangu.

Niliyowaambia wanafunzi

Shule zilipofunguliwa niliwaeleza wanafunzi wangu habari za chombo, mwaka wa sanamu, habari za mlima, na za nanasi la mawe ambalo liliwachekesha sana. Kisha niliwauliza ni nani kati yao ambaye ada yake hulipwa na mtu asukumaye, abebaye au achimbaye. Kwanza mikono miwili iliinuka. Nikawaeleza habari za lango. Ndipo mikono mingine ikainuka, mmoja mmoja, hata nikaacha kuhesabu.

Ndivyo nionavyo mimi sasa juu ya swali nililokwenda nalo. Pambo halina lawama kwa kuwa halibebi mzigo. Ni haki mtu wa kazi naye apate dhahabu kidogo, baada ya wafalme wengi juu ya farasi wengi. Lakini sanamu ni rahisi kuheshimiwa, maana haina harufu ya jasho wala haizuii gari lako. Aipigaye picha, kisha akampigia honi aliye hai, hajaiona bado.

Tangu safari ile mambo mazito yamepita. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma, na mji ukatwaliwa na waasi wa M23. Watu wengi waliuawa. Benki na uwanja wa ndege vikafungwa. Siku kadhaa sikupata neno lo lote kutoka Majengo. Simu ilipofunguka nilisikia sauti ya Baba, dhaifu lakini yake mwenyewe. Alisema wote ni wazima. Alisema hawakuwa na maji, na kwamba risasi ziliponyamaza, kitu cha kwanza alichosikia njiani, kabla ya gari na kabla ya pikipiki, kilikuwa magurudumu ya mti juu ya mawe. Alijiburuta hata mlangoni. Alikuwa kijana asiyemjua, mwenye madumu ya maji, naye aliwauzia madumu mawili kwa mkopo.

“Breki yake ilikuwa nzuri,” akasema Baba. Habari za sanamu hakunieleza, nami sikumwuliza.